Karibu Kura

Mchora mabango wa Biryogo, mtaa wa Kigali, hatulii. Akiongea, kidole chake kinaandika hewani. Akingoja chai, kinaandika mezani. Mwaka huu kimeandika mabango ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya Aprili, uchaguzi wa Julai, na sasa onyo la ugonjwa wa Marburg, watu wasipeane mikono. Ulimi wake wa Kinyarwanda huchanganya L na R, kwa hiyo kila bango humwonyesha kwanza binti yake, muuguzi, amsahihishe. Lakini binti yuko karantini baada ya kumhudumia mgonjwa, na bango jipya la mgahawa wa Febronia, Mtanzania, linasema KARIBU KURA.

“Mzee, uchaguzi si uliisha?” Febronia alicheka. “Weka L.”

“Najua.” Alikuwa akisugua kiganja kwa tambara la petroli, ingawa hakikuwa na rangi.

“Unajua, na umeandika R?”

“Jana binti aliuliza kwa simu, nani ananisahihisha sasa. Nikamwambia hakuna, kosa iko inakungoja. Iache, mama. Akitoka, atakuja kunigombeza.”

Siku nzima wateja walisoma, wakacheka. Febronia aliwakaripia wote: “Hapa ndivyo tunavyoandika!”