Sentensi Moja Niliyomnyima Felista

Msinionee huruma. Nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu!

Nashughulika na kompyuta katika hospitali moja hapa Ifakara. Mimi ndiye niliyeandika mwongozo wa kutafuta wachangia damu kwenye mfumo wetu. Felista, muuguzi, aliusoma akaniambia, "Kaka, hapa pana shida. Ukishatafuta wachangiaji wa kata ya Kiberege, anayetafuta baada yako naye ataletewa wa Kiberege tu, mpaka afute lile chaguo lako. Ongeza sentensi moja tu ya kumkumbusha afute."

Alisema kweli. Lakini alinisahihisha mbele ya mganga mfawidhi! Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, makabila yenye utani, basi nikajificha humo humo: "Nyie Wangoni hata kijiko mnataka muandikiwe kinaingia mdomoni?" Watu wakacheka. Sentensi sikuiweka.

Siku ikafika. Mama mmoja alijifungua, damu ikakataa kukatika. Felista akakimbilia kompyuta kutafuta watu wa kundi la damu la yule mama, ikamwambia hakuna. Aliyemtangulia alikuwa ametafuta wa Kiberege, na kwa kuchanganyikiwa Felista alisahau kufuta. Akatazama mwongozo wangu ukutani, haukumkumbusha. Wachangiaji walikuwepo hapa hapa mjini, mtaa wa Kibaoni! Yule mama akafa.

Kwenye kikao cha kuchunguza kifo hicho, Felista akiwepo, nikaulizwa. Nikajibu, "Mwongozo uko wazi. Tatizo ni msomaji."

Felista akabebeshwa lawama. Akahamishiwa Uchindile, mbali huko. Wiki hiyo hiyo nikaiweka sentensi yake, neno kwa neno, nikapongezwa. Na pongezi nikazipokea, shetani mimi!

Mwaka huu mama yangu amefariki. Felista alikuja msibani kama mtani, maana kwetu watani hutania hata mazikoni. Kabla jeneza halijashushwa, alijifunga kanga ya marehemu, akainama, akasema kwa sauti, "Mama, huko uendako usihangaike kuuliza njia. Mwanao ameshakuandikia mwongozo. Uko wazi! Ukipotea, tatizo ni msomaji."

Msiba mzima ukaangua kicheko, shangazi zangu wakashika mbavu. Nikacheka na mimi, maana mtani hakasirikiwi. Machozi yalinitoka, watu wakadhani namlilia mama.

Baadaye nilimfuata nimwombe msamaha. Akanijibu, "Msamaha wa nini, mtani? Si tulikuwa tunataniana?"

Jamani, mtu akikwambia maelekezo yako hayaeleweki, yarekebishe siku hiyo hiyo. Wala usimcheke. Ipo siku atakucheka yeye, na itakubidi ucheke naye.