Ushanga Mkubwa wa Koko Kanta

Sisi tuliokuwa watoto Rumonge wakati wa vita, wengi tulifika pale kwa miguu na kwa maji. Mimi na wazazi wangu tulitembea kutoka milima ya Fizi hadi ziwani, tukapanda boti la wavuvi. Mashine ikazimika katikati ya Tanganyika, wanaume wakapiga kafi hadi viganja vikachubuka. Tulikuwa tumekimbia vita vya Kongo, tukaingia katika vya Burundi. Mama akacheka tu: "Tumekimbia mvua, tumeingia mu ziwa."

Tulipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la Kanta, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Bujumbura na aliyesema Kiswahili kama sisi. Watoto wote tulimwita Koko, yaani bibi. Asubuhi za enzi zile zilinuka mawese yanayochemka na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokauka mchangani, na juu ya yote, ubani wa Koko. Alioga, akaketi barazani, akaanza polepole: Om namah shivaya. Om namah shivaya. Tuliyashika maneno hayo kwa masikio, tukayaimba tukizungusha mti wa kukamulia mawese. Koko alicheka hadi machozi. "Imbeni. Mungu hachukii mafuta."

"Sasa Koko, hiyo sala inaomba nini?" Mama alimuuliza siku moja.

"Haiombi kitu. Namah ni kuinama. Unamwinamia Shiva, ile 'mimi' yako unaiweka chini. Basi."

Mama alikuwa Mpentekoste wa kweli. "Haiombi? Sisi tunaomba mpaka bati linatetemeka."

Koko alihesabu kwa tasbihi ya mbegu kavu, akizivuta kwa dole gumba juu ya kidole cha kati. Kidole cha shahada alikiweka kando, kwa kuwa ndicho cha kunyooshea watu na kujivuna. Katikati ya mzunguko hakusema na mtu. Na alipofika kwenye ushanga mmoja mkubwa, hakuuvuka kamwe: aligeuza tasbihi, akarudi alikotoka.

Sokoni watu walizua yao. Duka la Koko halikuwahi kuporwa, basi wakasema maneno yale yanazuia risasi. Baba, aliyeendesha lori la mawese kwenda Bujumbura, akaamini. Asubuhi moja habari zilisema njia ya Kabezi, kabla ya kufika Bujumbura, ni mbaya, magari yanaviziwa. Yeye akawasha lori.

"Koko, leo napita. Nimesema ile yako tangu alfajiri."

"Emili, ile haizuii risasi. Inatuliza moyo. Kichwa nacho kifanye kazi yake."

"Na duka lako?"

"Vitambaa vyangu ni vya zamani, mwizi gani atavaa? Neno umelijua, mutoto wangu, kugeuza hujajua. Hata jina la Mungu liko na pahali pa kugeuza. Ukifika kwenye ushanga mkubwa, geuza."

Baba alifunga mlango wa lori, akaondoka. Siku hiyo Mama hakuwasha moto. Alikaa barazani kando ya Koko, mmoja akimtaja Yesu, mwingine Shiva, na mimi nikitazama barabara hadi macho yakauma.

Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo lori liliporudi, mapipa yakiwa yamejaa vilevile. Karibu na Kabezi Baba alikuta barabara tupu: hakuna basi dogo, hakuna hata baiskeli ya ndizi. Akageuza. Lori la mbele yake liliendelea, na dereva wake, aliyekunywa naye chai asubuhi ile, hakurudi tena. Baba alinawa mikono, akaketi sakafuni karibu na Koko, akainamisha kichwa.

Nimezunguka sana tangu hapo, Kigoma, Lubumbashi, Nairobi, na kila mahali nakuta vijana wanaopenda maneno yale. Simu inayaimba usiku kucha, wao wanachati. Sawa, ila simu haiinami. Wala haijui pa kugeuza, na wenye simu nao vilevile.

Nilipomaliza sekondari nikapata gari la kwenda kusini, hadi mpakani. Nilikwenda kumuaga Koko, nikamkuta katikati ya mzunguko. Nikasimama na mfuko wangu, nikiangalia mbegu zikipita moja moja juu ya kidole cha kati.

"Ngoja kidogo," alisema Baba, aliyekuja kunisindikiza. "Anageuza sasa hivi."

Dereva akapiga honi, akapiga tena. Nikaondoka kabla hajafika kwenye ushanga mkubwa.