Kilima Kilichofagiwa

Kilima chetu kiko nje ya mji, ukishaupita uwanja wa ndege wa Bangboka, na hakistahili kuitwa mlima. Papa, yaani baba yangu, aliyezaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa akikicheka: "Hii iko mulima? Hii iko kichuguu!" Lakini hapakuwa na mahali alipopapenda zaidi Kisangani, na kila Ijumaa Kuu tulikipanda pamoja na watu wa parokia kwa Njia ya Msalaba. Papa alikuwa seremala. Msalaba wa mbao ulioko kileleni aliuchonga yeye.

Kati ya mwanzo wa Kwaresima na Pasaka hali ya njia hubadilika sana. Mwisho wa kiangazi udongo ni mgumu kama tofali, na juu yake changarawe nyekundu zinabingirika chini ya kiatu. Kupanda si kazi, kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Kisha zinaanza mvua kubwa, na udongo uleule unakuwa potopoto, tope zito. Mguu unaenda mbele, kandambili inabaki nyuma. Asubuhi ukungu wa msituni unaficha hata mgongo wa aliye mbele yako, na siafu wanatoka kutafuta pakavu, yaani miguuni mwako. Mwenye akili hupanda kabla ya mvua, au hungoja jua likaushe njia. Ijumaa Kuu haingoji.

Papa alifariki mwaka jana. Mwaka huu parokia ikaamua kwamba baada ya Pasaka msalaba wake, ambao mchwa wameshaula upande mmoja, utaondolewa na kuwekwa wa chuma. Mama hakubisha. Alisema tu kwamba atapanda aushike kwa mara ya mwisho. Goti lake la kulia limevimba miaka mingi, na daktari amemkataza hata ngazi za kanisa. "Nitapanda," alisema, na kwa mama neno hilo likishatoka limetoka.

Basi akaitisha salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Akina mama wenzake wa mtaa wetu wa Mangobo wakaja na majembe, mapanga na fagio. Kwetu uwanja mzuri ni udongo mtupu uliobaki na michirizi ya ufagio. Nyasi zikiota mbele ya mlango, jirani anajua mwenye nyumba ni mvivu, na nyoka naye anajua. Miaka yote njia ya kilima ilifyekwa tu kwa panga. Safari hii waling'oa kila kitu: nyasi, mizizi, hata visiki tulivyozoea kuvikanyaga kama ngazi.

Nikamwuliza, "Mama, munatuachia nini ya kushika?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Donc weye unataka papa yako aone buchafu?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu asiyesikia la mtoto hawakusema kitu. Nilinuna, nikachukua ufagio, nikafagia nami. Jioni ile njia ilipendeza, sikatai. Ilipanda nyekundu na safi toka chini mpaka juu, na akina mama walipiga vigelegele.

Alhamisi Kuu ikanyesha mvua.

Ijumaa tulikuta kilima kizima kimekuwa sabuni. Hakuna cha kukanyaga, hakuna cha kushika. Padri alipanda viatu vikiwa mkononi. Vijana wa kwaya waliteleza wakicheka, wakaacha kucheka. Kwenye Njia ya Msalaba, Yesu anaanguka mara ya kwanza kituo cha tatu. Mama hakumngoja, alianguka kituo cha pili, akashuka kwa makalio mpaka karibu na cha kwanza.

Nilimkuta ameketi kwenye potopoto, kitenge chake cheupe kimekuwa rangi ya tofali. Goti halikuvunjika. Aliitazama njia, akaanza kulia kama sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

"Ni miye," akasema. "Ni miye nilijifungia njia."

Hasira yangu yote ikaisha. Nikamwambia niite pikipiki imrudishe nyumbani. Akatikisa kichwa. Tukabaki hapo, yeye chini, mimi nimesimama, wimbo ukizidi kwenda juu bila sisi.

Ndipo nikatazama pembeni. Nje ya sehemu tuliyoifagia, nyasi zilikuwa bado zimesimama, nzito kwa maji. Nilimvuta mama mpaka huko. Alishika nyasi kwa ngumi mbili, akapanda kwa mikono na kwa goti lile zima, mimi nikimsukuma kwa nyuma bila adabu yoyote. Siafu walituuma. Tulipumzika kila tulipopata kisiki. Niliogopa kuliko nilivyotaka ajue, maana angeteleza tena nisingeweza kumshika.

Karibu na kilele tulikutana na watu wakishuka. Padri akasema, "Mama, tumeshamaliza."

"Nyinyi mumemaliza," akajibu. "Miye bado."

Juu hapakuwa na mtu. Msalaba ulikuwa umelowa, mweusi upande ulioliwa na mchwa. Mama aliusogelea akichechemea, vipande vya nyasi bado vimenasa kati ya vidole vyake, akaweka kiganja kwenye ubao, pale papa alipopiga randa. Nilidhani ataanza sala.

"Papa," akasema, "nimefika. Usikasirike nimechelewa. Njia ilikuwa safi sana."

Hakuondoa mkono mpaka nilipomwambia mara ya pili kwamba mvua inarudi.