Mzee Aliyevua Bila Ndoana

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa pombe, kwetu Tanga hatuna ukoo wa vichaa, na jioni ile sikuwa na homa wala usingizi. Nilikuwa nimelala mchana kutwa baada ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Wheaton, Maryland, Marekani. Ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu, na niliyekuwa naye bado yuko hai, ingawa hilo utaamua mwenyewe nikimaliza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, enzi zile tunapiga simu nyumbani kwa kadi za kukwangua. Mume wangu Mutua, Mkamba wa Machakos, alikuwa dereva wa lori la mizigo akitokea Manassas. Wanaume wenzake wikendi walitafuta ovataimu au walichoma nyama. Yeye alipatwa na ugonjwa wa kuvua. Na si kuvua samaki wa kula, nielewe vizuri. Anamvua, anamtazama, karibu ambusu, kisha anamrudisha majini. Nilimwambia nimeolewa na mwendawazimu. Akacheka, akanipeleka ziwani siku moja tu, na mimi nikanasa.

Samaki mwenyewe anaitwa bass. Mimi nilimwita basi. Ulimi wangu ni wa Tanga, neno likiniishia hewani namna hiyo lazima nilitie irabu lipumzike. Mutua hakuchoka kunirekebisha. "Sema bass, Mama Mwende," aliniambia kila mara, "basi ni ya kubeba watu." Mwende ni binti yetu, wakati huo hajaanza shule. Nilijaribu mbele ya kioo, wallahi, likatoka basi vilevile.

Lakini kuvua nilijua. Mutua alikuwa na kisanduku cha chambo bandia: visamaki vya mbao, vyura vya mpira, na minyoo ya plastiki ya zambarau inayonuka kama pipi za kifua. Mnyoo unautia ndoana kichwani, kisha ncha unaificha mwilini mwake ili isishike majani. Juu yake unaweka chubwi ndogo, ile risasi ya kuuzamisha. Unaurusha, unauacha uzame, unauburura chini polepole kama mtu asiye na haraka ya maisha. Ukisikia uzi umegongwa, tuk tuk, unashusha ufito, unakaza uzi, ndipo unavuta kwa nguvu. Mutua alikuwa akivuta mapema mno kila mara. Mimi nilikuwa na subira, na alilijua hilo ingawa hakulisema.

Jumamosi moja ya Oktoba tulimwacha Mwende kwa jirani, tukaenda kwenye ziwa lililo nyuma ya Germantown. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, jua limeshaanza kushuka. Hatukupata kitu. Tulibadilisha chambo hata vidole vikafa ganzi. Mutua akanuna, na Mutua akinuna humtoi mahali mpaka apate chake.

Ndipo tukamwona mzee mmoja, ng'ambo ya mafunjo, anapata samaki mmoja baada ya mwingine. Mweusi, kofia, koti la kaki, kiti cha kukunja. Nikadhani ni Mmarekani mweusi kama wengine waliokuja pale. Mutua akainuka, akamwendea. Mvuvi yeyote angefanya hivyo, unakwenda kuchungulia mwenzio anatumia chambo gani. Nikamfuata.

Nilipofika karibu niliona koti la yule mzee ni kavu. Manyunyu yanatuangukia sote, sisi tumeloa mpaka kwenye shati, yeye mkavu. Nikajiambia labda kitambaa kizuri. Kisha nikakitazama chambo chake. Kisamaki cha mbao, kizuri, kimepakwa rangi ya kijani, na hakina ndoana. Unanisikia? Hakina hata moja. Anakirusha, anakivuta taratibu, na samaki wanakifuata wenyewe mpaka ukingoni, wanalala kwenye majani miguuni pake.

"Masalkheri," akasema. Hivyohivyo, Maryland, kwa sauti ya watu wa mtaani kwetu Ngamiani. Nikamwamkia shikamoo bila kufikiri, maana mtu mzima ni mtu mzima popote alipo. Hakuitikia. Sasa niambie wewe, mzee gani wa kwetu anaiacha shikamoo bila marahaba? Nikamshika Mutua mkono. Akauchomoa.

Mzee akamuuliza Mutua anataka nini. Mutua akajibu, "Bass," kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Mzee akampa kile kisamaki. Mutua akakifunga kwenye uzi wake, akarusha, na kweli, samaki mkubwa akaja anakifuata. Lakini akasimama kabla ya kufika ukingoni, mbali kidogo na mkono. Mutua akaingia majini na viatu vyake vya kazi. Samaki akarudi nyuma.

"Wataka nini, bwana?" mzee akauliza tena. "Bass," Mutua akajibu, na akaenda mbele. Ikawa hivyo. Swali lilelile, jibu lilelile, na kila jibu likimpeleka ndani zaidi. Maji ya Oktoba kule ni barafu iliyochelewa, lakini hakutetemeka. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayenyolewa. Nilimwita kwa jina, nikamwita Baba Mwende, hakugeuka. Maji yalifika kiunoni, yakafika kifuani. Sauti yake ya kujibu ikawa inapungua, mwisho ukawa ni mdomo tu unaocheza.

Sijui kuogelea. Sikumfuata, sitakudanganya. Nilikuwa nalia wazi kama mtoto. Hapo mzee akanigeukia. "Na wewe bibie, wataka nini?"

Akili yangu ilikuwa moja tu. Nijibu kama Mutua alivyojibu, ili na mimi nivutwe majini nimfikie, tutoke wote au tubaki wote. Nikasema, "Basi."

Mzee akanitazama vizuri. "Basi?"

"Basi," nikarudia, maana sikujua kulisema vingine.

Akaurudisha uzi wa Mutua kwa mkono, akakifungua kisamaki chake, akakitia mfukoni. Hakukasirika. Alikuwa kama fundi aliyeambiwa aache kazi katikati. "Umenikatiza," akasema. "Haya. Mchukue alivyo." Akakunja kiti, akapita kwenye mafunjo, na mafunjo hayakulala alipopita.

Mutua alitoka mwenyewe, anatetemeka sasa. Nilimfunika kwa koti langu, nikaendesha gari mimi, hita imewashwa mpaka mwisho. Tulipofika mlangoni nikamvua viatu, akaniangalia kwa upole, akasema, "Ahsante, bibie."

Mutua hakuwahi kuniita bibie maishani mwake. Mutua niliyeolewa naye alisema "hiyo maneno" na "nitakuja kuona wewe", na mimi nilimtania mpaka machozi yanitoke. Tangu jioni ile anasema Kiswahili cha Ngamiani, kila kitu mahali pake. Kikamba kimemtoka chote. Mama yake alipopiga simu aliongea naye kidogo, kisha akaomba nipewe mimi, akaniuliza huyo mwanamume aliyeshika simu ni nani. Daktari alisema ni mshtuko wa baridi, utapita. Mwende alikuwa akisema, "That's not how Daddy talks," yaani baba haongei hivi. Siku hizi amezoea, hakumbuki vingine.

Ukienda kuvua, ukaona mtu mmoja anapata na wote mnakosa, tazama chambo chake kabla hujamsalimia. Ukikuta hakina ndoana, kusanya vitu vyako uondoke. Akikuuliza unataka nini usijibu kwa lugha yoyote, na kama una mtu wako pale, mvute shati mapema, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Marafiki wananiambia nina bahati, mume mpole, hagombi, anaosha vyombo. Ni kweli. Asubuhi namwekea chai, ananishukuru, anainywa yote hata ikiwa mbaya. Mutua wangu angesukuma kikombe aseme hii chai iko na maji mingi. Laiti ningemsikia tena, hata mara moja, akisema maji mingi.