Msumari wa Kiatu cha Kushoto

Fundi viatu mwenye kibanda mkabala na posta alikuwa na siku moja katika mwaka ambayo hakupokea kazi ya mtu. Siku hiyo alifagia vipande vya ngozi, akapangusa benchi la wateja kwa kitambaa kikavu, akateremsha pazia la mlango hadi nusu, kisha akangoja. Aliyengojwa alikuwa dada yake. Kiatu chake cha kushoto kiligonga lami kwa sauti nzito kuliko cha kulia, na fundi alimtambua kabla hajamwona. Dada aliketi, akavua viatu, akanyoosha miguu. Mdogo wake, ingawa naye kichwa kilikwisha kuwa cheupe, alipiga magoti mbele yake, akatandaza karatasi sakafuni, akaizungusha penseli pembeni mwa nyayo zake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

"Nipime sawasawa, Mzigo," dada alikuwa akimwambia kila mwaka. "Nikianguka nawe leo, hautavunjika mguu, itavunjika barabara. Tumbo gani hilo!"

Jina la Mzigo lilikuwa na historia yake. Dada alipokuwa na miaka saba, na mdogo wake miezi minane, alitumwa kumbeba mgongoni wakati mama yao akifua. Ngazi za nyumba zilikuwa na maji ya sabuni, akateleza. Mtu akianguka chali huangukia kile alichokibeba; dada alilijua hilo kabla hajafika chini, akajipinda hewani ili mtoto asigandamizwe, na mguu wa kushoto ukabaki chini ya uzito wa wote wawili. Mfupa uliungwa vibaya. Mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake kwa inchi mbili kasoro robo. Mtoto hakupata hata mchubuko.

Familia nyingine ingeinyamazia tarehe hiyo. Dada aliifanya kuwa sikukuu. "Siku niliyokuokoa ni siku yangu," alisema, "na zawadi yangu ni viatu." Kwa ajili hiyo mdogo wake alijifunza ushonaji wa viatu, wala hakuwahi kuwaza kazi nyingine. Pea ya kwanza alimshonea akiwa na miaka ishirini na miwili. Wakati huo dada alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha dobi, akisimama kutwa nzima nyonga moja ikiwa juu, nyingine chini. Alivaa viatu vile, akasimama, akashika nyonga zake kwa mikono miwili. Kisha akatoka, akauzunguka mtaa mara tatu pasipo safari yoyote. Tangu siku ile zilipita pea arobaini na moja, na karatasi za vipimo vyake zote zilikuwa ndani ya debe la biskuti, chini ya meza ya kazi.

Sasa dada alikuwa na miaka sabini, naye amelala wodini kwa siku ya tatu, mguu huohuo wa kushoto umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo, na harufu yake ikisikika tangu mlangoni.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na saa kubwa mkononi, alikwisha kusema yote asubuhi. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimeoza hadi mfupani. Mguu ulipaswa kukatwa chini ya goti, siku hiyohiyo. Chumba cha upasuaji kingekuwa wazi saa nane mchana.

"Nisipopata sahihi ya Bibi kufikia saa saba," alimwambia fundi pembeni, "kesho hatutakuwa tukizungumza habari za mguu, Mzee. Tutakuwa tukizungumza habari nyingine."

"Nipe mimi niweke sahihi."

"Ana akili zake timamu. Sahihi ni yake."

Na mwenye sahihi alikuwa amekataa. "Nilizaliwa na miguu miwili," alisema, uso ukimetameta kwa homa. "Kupatana urefu ilishindwa, lakini ni miwili. Nitakwenda nayo yote."

"Kwenda wapi, Dada?"

"Huko waendako watu wenye miguu."

Mama mmoja wa kitanda cha dirishani, muuza mboga aliyevunjika nyonga, alicheka, kisha akajuta kucheka, akajifunika shuka. Fundi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi.

"Hivi ulikanyaga nini?"

"Nimeshasema. Kigae cha chupa, uani."

"Ua wako naufagia mimi kila Jumamosi."

"Basi hufagii vizuri."

Ndipo daktari alipoulizia kadi ya kliniki ya kisukari, maana dada alikuwa na maradhi hayo kwa miaka kumi, na daktari wa usingizi alihitaji kujua dawa anazotumia. Fundi alisimama akaichukue. Dada akamshika mkono kwa nguvu asizodhaniwa kuwa nazo.

"Usiende kwangu."

"Dakika ishirini tu, Dada."

"Dawa nazijua kwa kichwa. Nitawatajia. Keti."

Lakini daktari alitaka maandishi, na fundi akaenda.

Chumba cha dada kilikuwa kama alivyokuwa yeye mwenyewe: kila kitu kimepigwa pasi, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Kadi ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Alipoiinua, chini yake akakuta foronya iliyokunjwa pembe kwa pembe, na ndani ya foronya viatu. Vilikuwa viatu vya mwaka huu, alivyomshonea miezi mitano iliyopita. Fundi aliwahi kuona kwamba dada amerudia kuvaa vile vya mwaka jana, na kwa siri alikuwa amekasirika kidogo, akidhani hakuvipenda.

Akakiinua cha kushoto. Ndani, penye kisigino, ngozi ilikuwa na doa jeusi lililokauka. Akapitisha kidole, kama alivyopitisha ndani ya kila kiatu kilichopata kutoka mkononi mwake, na kidole kikachomwa. Ncha ya msumari ilikuwa imechomoza, ndogo mfano wa punje ya mchele.

Hakuhitaji kuelezwa. Kwa miaka yote kile kiatu kilijengwa kwa vipande sita vya mpira wa tairi, kimoja juu ya kingine, vikashikwa kwa misumari kutoka chini. Mwaka huu dada alilalamika kidogo, mara moja tu, kwamba mguu umekuwa mzito kuuinua. Basi fundi akatoa mpira, akaweka sponji ngumu, nyepesi, akaona fahari kwa ubunifu wake. Misumari aliiacha urefu uleule. Siku ya kumaliza alipitisha kidole, akakuta ndani laini kabisa. Lakini sponji hushuka, na msumari haushuki. Siku hadi siku dada aliikanyaga sponji ikajibana, na msumari mmoja ukabaki umesimama pale pale ulipokuwa, ukiingia katika kisigino ambacho kisukari kilikwisha kukiua hisia.

Fundi aliketi sakafuni, kiatu mapajani. Tone la damu lilikuwa kwenye kidole chake, akalitazama mpaka likaganda. Mguu aliouvunja akiwa mchanga asiyejua lolote, sasa alikuwa ameumaliza akiwa mzee anayejua kazi yake.

Kisha likamjia jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Kiatu kilikuwa kimefichwa. Dada alikuwa anajua. Alijua, na hakwenda kliniki, kwa sababu swali la kwanza la kliniki lingekuwa: umechomwa na nini? Kwa wiki nyingi alijikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akasema ni kigae. Na kama angekubali kukatwa, mdogo wake angeishi akiutazama ule mguu usiokuwapo na kuuliza, na siku moja angepata jibu.

Fundi akaviweka viatu mahali vilipokuwa na kukunja foronya juu yake. Angeweza kurudi na kadi peke yake. Ndivyo dada alivyotaka, naye tangu utotoni hakuwahi kupinga alichotaka dada. Alifika mlangoni. Kule nje saa ya posta ilionyesha saa sita na robo. Akarudi, akaivuta foronya, akavitia viatu kwapani na kadi mfukoni, akapitia kibandani kuchukua karatasi na penseli, akaenda hospitali nusu akikimbia, akitweta, watu wakimpisha njia.

Alikiweka kiatu cha kushoto juu ya shuka, mbele ya dada yake. Mama wa dirishani akafumbua kinywa, akaona nyuso zao, akakifumba.

"Nilikuambia usiende," dada alisema polepole.

"Msumari ni wangu, Dada."

"Msumari ni wa dukani."

"Nimeupiga mimi! Tangu lini umejua?"

"Tangu soksi iliponasa kwenye kidonda, nikatia mkono kiatuni."

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe nakujua. Usingeshika nyundo tena. Ungekaa katika kibanda chako unajihukumu mpaka ukauke kama ngozi mbichi. Afadhali waseme bibi kizee alikanyaga chupa."

"Na wakikuzika?"

"Watasema sukari. Watu wengi hufa kwa sukari. Ni ugonjwa wa heshima kabisa."

Ndipo fundi, kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na mitatu, alipomfokea dada yake. Sauti yake ilipasuka, wodi nzima ikageuka. "Ulipoanguka nami hukuniuliza! Sikuweza kusema, nilikuwa na miezi minane. Leo nina kinywa. Sitaki! Unasikia? Sitaki kuokolewa tena kwa bei hiyo!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, aliipa kazi pekee iliyoizoea. Alipiga magoti kwenye saruji, akatandaza karatasi juu ya ubao wa chakula wa kitandani, akafunua shuka, akauweka unyayo wa kulia wa dada yake juu ya karatasi, akaanza kuzungusha penseli.

"Siku haijafika," dada alisema. "Bado miezi saba."

"Nimeiwahisha."

Mstari ulikwenda ukiyumba, ukapita kidole gumba, ukashuka ubavuni, ukafunga kwenye kisigino. Fundi aliandika tarehe pembeni, kama kawaida yake. Kisha akaweka penseli chini. Dada alikuwa akimtazama.

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto watakutengenezea wao, urefu sawa na huu. Mimi kazi yangu ni kuuvisha." "Soli moja tu, Dada. Bila vipande. Nitakushonea pea iliyo sawa. Sijapata kukushonea hata moja."

Dada aliugeukia mguu uliofungwa bandeji, akautazama kama mtu anavyomtazama jirani mgomvi anayehama.

"Masikini," aliuambia. "Ulikuwa mbishi, lakini tumefika mbali." Kisha akamgeukia mdogo wake, na mzaha ukamtoka usoni. "Niahidi hutaacha kazi."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

"Sitaacha."

"Mwite huyo binti wa saa kubwa, kabla sijageuza nia."

Aliweka sahihi saa saba na dakika nne, kwa herufi zilizosimama wima kama mashati ya kiwanda cha dobi. Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, fundi alikwenda kando yake hadi kwenye milango miwili ya kioo ambayo hakuruhusiwa kuivuka. Pale dada aliinua kichwa.

"Hicho cha kulia nacho," alisema. "Kikague."

Fundi aliketi kwenye benchi la korido. Saa nane ikapita, na saa tisa. Saa tisa na nusu muuguzi alipita mbio akiwa amebeba chupa mbili za damu, asimtazame. Saa kumi ikapita. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akipitisha kidole toka ncha hadi kisigino, toka kisigino hadi ncha, kando ya mishono yote, na kila alipofika mwisho aliona kuwa hakukagua vizuri, akaanza upya. Hakuomba, kwa sababu hakujua aombe nini ambacho hakuwa amekwisha kupoteza haki ya kukiomba. Alipitisha kidole tu.

Saa kumi na moja milango ya kioo ilifunguka. Daktari alikuwa amevua kofia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, haukusema zaidi ya hapo.

"Mzee," daktari alisema, akachutama mbele yake. "Tumemaliza. Kama sumu imetangulia katika damu, sijui bado. Siku mbili hizi ndizo zitakazotuambia. Lakini ameamka. Kuna jambo anauliza, nami sikulielewa. Labda ni dawa ya usingizi."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama umemaliza kukagua cha kulia."

Fundi aliinamisha uso, mabega yakatikisika.

"Mwambie bado," alisema. "Mwambie narudia."

Na akakirudisha kidole ndani ya kiatu.