Uyoga wa Bi Honorine

Inatangazwa kwa umma kwamba kasri la Vaubrun, lenye vyumba thelathini na kimoja, handaki la maji linalolizunguka na msitu wa hekta arobaini, linauzwa lote pamoja na vyote vilivyomo, juu ya ardhi na chini yake. Ndivyo lilivyosema tangazo la wakili, lililobandikwa mlangoni pa ofisi ya meya, chini ya ratiba ya kuzoa taka.

Bi Honorine Chastaing alilisoma mara mbili, maana yeye naye alikuwa miongoni mwa vilivyomo. Miaka arobaini na mmoja alikuwa amekaa katika kijumba cha getini, akifungua madirisha ya kasri asubuhi na kuyafunga jioni, hata baada ya wenyewe kuacha kuja. Asubuhi za Oktoba ukungu ulipanda kutoka handakini, kasri likaonekana kama linaelea juu ya maziwa meupe ya kunywa. Naye akapita na kikapu chake, kimya, akaingia msituni kwa njia ya kuzunguka. Kuzunguka ilikuwa lazima. Katika kijiji kile mtu atakuambia mshahara wake, maradhi yake, hata baba halisi wa mtoto wake. Mahali anapookota uyoga hakuambii, ila labda akiwa anakata roho, na hata hapo hudanganya kidogo.

“Utazikwa na siri hiyo,” jirani yake Firmin alimtania.

“Basi uje uifukue, mvivu wee. Angalau utakuwa umefanya kazi siku moja.”

Mnunuzi akaja: Bwana Delcroix wa Lille, mtu mpole mwenye buti mpya. Paa linalovuja halikumshughulisha. Aliuliza habari za uyoga.

“Upo, bwana.”

“Wapi?”

“Msituni.”

Akacheka. Kisha akasema, kwa upole uleule: “Nionyeshe, bibi, na katika kile kijumba utakaa mpaka mwisho wa maisha yako. Tutaandikiana mkataba.”

Bi Honorine aliitazama miti ya mialoni ikichuruzika ukungu. Marehemu Basile, mumewe, alimpeleka pale penye uyoga wiki ya harusi yao, akapangua majani taratibu kama mtu anayefungua sanduku la mahari. Hakuwa na kingine cha kumpa.

“Kijumba ni chako, bwana,” alisema. “Nitahama kabla ya Krismasi.”

Akahamia chumba kimoja juu ya duka la mkate, chenye dirisha moja la kufungua na kufunga. Mkataba ukatiwa saini, ukirudia maneno ya tangazo neno kwa neno.

Nyuma ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka, ukuta wa msitu una pengo la kupita mtu na kikapu chake, ambalo ramani ya wakili hailionyeshi. Msimu ukifika, Bwana Delcroix hununua uyoga wake sokoni, kila Alhamisi, kwa Bi Honorine.