Jiwe Lile Halikumpiga Mkuu wa Shule

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nimeinyamazia miaka mingi. Ila juzi nimesikia kwamba na nyie mmevunja madirisha ya chuo chenu cha ualimu, mkachana magodoro, mkarudishwa nyumbani na mabegi yenu huku mkicheka. Mnacheka! Basi leo nitaisema yote, na wewe usininunie. Kaa hapo usikilize.

Mimi nilisoma upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu kidogo ya Ngaramtoni. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa tena, mitumba inamwagwa sokoni, na wananchi wanaotaka sekondari wakaambiwa wajenge wenyewe. Wakajenga kwa msaragambo, yaani kila nyumba inatoa mtu wa kufanya kazi ya wote. Mama yangu alikuwa Mchaga wa Machame, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Arusha. Siku ya msaragambo alifunga kibanda chake akapanda huko kubeba mawe kichwani pamoja na kina mama wa Kiarusha na wa Kimeru. Kazi iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa tangi la maji la saruji. Upande ule ni mkavu, na shule ya bweni bila tangi haikai. Walisomba kokoto na mchanga kutoka korongoni, wengine wana watoto mgongoni. Nilikuwa mdogo, lakini niliona shingo ya mama ilivyovimba.

Nilipofika kidato cha tatu, rafiki yangu wa dawati moja alikuwa Nashipai, binti wa Kiarusha kutoka Terrat. Baba yake hakutaka asome kabisa. Mchungaji wa kanisa lao alimbembeleza, mama yangu aliyewauzia vitambaa naye akambembeleza, mpaka mzee akasema, "Haya, aende. Lakini siku mkimrudisha hapa, harudi tena huko." Neno hilo wasichana wote wa bweni letu tulilijua. Nashipai mwenyewe alilijua kuliko sisi, ndiyo maana alisoma hata akiwa anafua nguo.

Sasa usije ukasema nawatetea walimu. Malalamiko tulikuwa nayo, tena ya haki. Maharage yalijaa wadudu, unga ulinuka, na wagonjwa waliambiwa wanajidekeza. Viranja walikwenda kwa mkuu wa shule kwa adabu zote, wakamwamkia, wakamweleza. Unajua aliwajibu nini? "Kama kwenu mnakula pilau, rudini kwenu." Hakuinua hata kichwa. Mzee yule alikuwa na masikio ya pambo tu, na mpaka leo sijamsamehe. Mtu mzima ukimfungia kijana mlango wa maneno, unategemea apitie wapi?

Lakini wavulana walipitia pabaya. Jioni, jua bado lipo, walianza kugonga sahani mezani. Kutoka sahani wakaenda kwenye mawe. Vioo vya maabara vikashuka, milango ya stoo ikang'olewa. Aliyeongoza aliitwa Elibariki, mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, kijana mwerevu wa hesabu lakini kichwa maji. Akaokota nondo, akaligonga tangi chini kwenye koki, akapiga na kupiga, huku wenzake wakishangilia, "Mali ya mkuu hiyo! Mkomeshe!"

Mali ya mkuu! Mkuu alikuja na sanduku lake la nguo, na angeondoka nalo. Lile tangi lilikuwa shingo ya mama yangu.

Saruji ikapasuka. Nashipai alikimbia akavua sweta, akalisokomeza kwenye ufa, akaniita nimsaidie. Tulisukuma wote wawili, tumelowa mpaka kiunoni, maji yanatuponyoka katikati ya vidole. Alikuwa analia, anawaambia wavulana, "Jamani, mimi nitarudishwa nyumbani! Mimi mkinirudisha, basi!" Kuna aliyecheka. Maji yakaisha yote, yakateremka mpaka barabarani.

Kesho yake shule ikafungwa. Haikufungwa kwa adhabu. Ilifungwa kwa sababu hapakuwa na maji ya kupikia hata uji. Tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tangi litengenezwe, na kila mmoja arudi na mzazi.

Hasira hasara, wahenga walisema, ila hawakutuambia hasara humpata nani. Ngoja nikuonyeshe.

Siku ya kurudi nilipanda na mama. Tulimkuta Elibariki na baba yake wamesimama mbele ya ofisi, wamevaa suti, mzee ameshika isale mkononi. Hilo ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa mashamba. Kwetu Wachaga na Wameru, anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni mwiko. Mkuu wa shule, naye mtu wa kwetu, akalipokea kwa mikono miwili. Wakaagiza chai. Wakacheka kidogo, wanaume kwa wanaume, mambo yakaisha.

Yakaisha kwao. Mama yangu alikuwa mpole, mwanangu, mtu wa kunong'ona. Siku ile aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mwalimu, shikamoo yangu utaipata baadaye. Hilo isale umelipokea kwa niaba ya nani?"

Mkuu akasema, "Kwa niaba ya shule, mama. Yameisha, tusamehe tu."

"Wewe umebomolewa nini? Isale hupelekewa aliyeumizwa. Yuko wapi yule binti wa Terrat? Wanafunzi wote wamerudi, yeye simwoni."

Hakuna aliyekuwa amemuulizia. Mama akamgeukia baba yake Elibariki, mtu anayemzidi umri na mali, akamwambia, "Kaka, chukua mwanao na hilo jani lako, twende. Mimi na binti yangu tunapajua nyumbani kwao."

Tukaenda na gari la mzee yule, vumbi tupu. Terrat tukaambiwa Nashipai hayupo kwa baba yake. Baba yake mwenyewe alituambia bila ukali, "Niliwaambia. Mmemrudisha, nimemwoza." Akatuelekeza boma la mume wake.

Tulimkuta anasiliba ukuta wa nyumba kwa samadi, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alitabasamu, halafu akamwona Elibariki, tabasamu likaondoka. Elibariki akapiga magoti. Akamnyooshea isale, akasema, "Nashipai, nimekosa. Nisamehe."

Nashipai alilitazama lile jani. Yeye ni Mwarusha, isale halimfungi kwa lolote. Akauliza polepole, bila hasira hata kidogo, "Jani hili litanisomesha?"

Kisha akachota samadi nyingine, akaendelea na ukuta wake.

Baba yake Elibariki, na suti yake, alikaa chini kwenye vumbi. Alizungumza na mume, alizungumza na wazee, mchungaji akarudi mara kadhaa. Haikuwezekana. Shule ilikuwa imefunguliwa, vioo vimewekwa vipya, tangi limezibwa. Nilikalia lile dawati peke yangu mpaka mwisho wa kidato cha nne, na wavulana walioshika mawe walifanya mtihani, wakafaulu, wengine leo wana vyeo. Kosa lao likalipwa na msichana aliyejaribu kuziba ufa kwa sweta lake. Nikilifikiria hilo natamani kupiga kelele mpaka leo!

Kwa hiyo usiniambie mkuu wa chuo chenu ni mbaya. Inawezekana ni mbaya kweli! Mwandikieni, mkikataliwa nendeni kwenye bodi, waiteni wazazi, twende wote tukaonje hayo maharage mbele yake. Mimi nitakuja, na najua kusema. Nyie mkiwa walimu kesho, kijana akija na neno, inueni kichwa mmsikilize, maana neno lililokataliwa mlangoni hurudi dirishani na jiwe. Na sisi wazazi tuache kuwanunulia watoto msamaha kwa suti na chai. Aliyevunja achanganye saruji kwa mikono yake, wenzake wakimwona. Lakini kabla hujaokota jiwe, angalia kwanza nyuma ya kile kioo amesimama nani. Yupo mtu pale ambaye hana pengine pa kwenda. Mtafute, umjue jina, uone kama mkono wako utanyanyuka.

Nimemaliza. Hasira yangu ni ya mzazi, haina chuki. Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe ulimi jasiri na mkono mpole. Akupe walimu wenye masikio. Akurudishe chuoni salama, usome umalize, na atakayekaa kwenye dawati lako baada yako alikute zima.